Rangi ya Ndimu Iliyokamuliwa

Mtaa mzima ulimwita Meneja, ingawa hakuwa meneja wa kitu chochote. Alikuwa msaidizi wa msimamizi katika ghala la vigae, mtu wa kuhesabu maboksi yaliyoingia mazima na yaliyoingia yamevunjika. Lakini alivaa tai hata siku za mapumziko, na aliwahi kumkaripia mlinzi wa getini kwa kosa la kumwita jina alilopewa na mama yake. Basi watu wakampa cheo alichokitamani. Walimpa kwa kejeli, naye akakipokea kwa mikono miwili, kejeli na yote.

Jumatatu hiyo alifika kwa mama yake na kitabu cha rangi kwapani. Nyuma yake alikuja dada yake, kitindamimba wa nyumba ile, mwenye saluni, akikanyaga kwa vidole ili vumbi lisiguse viatu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu ndugu hao wawili kuvuka kizingiti kile siku moja.

"Mama, shikamoo," walisema kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, Mama," alisema Meneja, akajitahidi kucheka. "Tumekuja kuipaka nyumba yako rangi. Nje na ndani. Wewe usitoe hata senti."

Mama yao aliitwa Nesi, na yeye jina lake alilitolea jasho. Alikaa miaka thelathini na mmoja katika wodi ya wazazi. Wengi aliowapokea sasa walikuwa na ndevu na vitambi. Nyumba ile ya vyumba vinne aliijenga kwa mshahara wa zamu za ziada, tofali kwa tofali, na tangu astaafu aliishi humo peke yake na redio. Aliposikia neno rangi alikaa chini. Alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaivaa tena.

Meneja alikwisha fungua kitabu mezani na kuweka kidole juu ya kipande kimoja. Ilikuwa kijani iliyoingiwa na njano, hafifu, kama rangi iliyoshindwa kuamua iwe ipi kati ya hizo mbili.

"Hii," alisema.

Nesi alikisogeza kitabu kwenye mwanga wa dirisha. "Hii si rangi, baba. Huu ni ugonjwa wa manjano. Watoto wachanga wa rangi hii tulikuwa tukiwaanika juani."

"Ndiyo rangi ya sasa hivi, Mama. Inafanya chumba kionekane kikubwa. Watu wanaipenda sana."

"Watu gani? Mimi nakaa peke yangu."

Kitindamimba alikohoa. "Wageni, Mama. Wageni wanaokuja."

"Mimi nilitaka rangi ya maziwa."

"Rangi ya maziwa inaonyesha kila kitu," alisema Meneja, na katika maneno yote aliyosema siku ile, hayo peke yake yalikuwa ya kweli.

Mlangoni alikuwa amesimama fundi rangi, mtu mwembamba, rola mkononi, kucha zake zikiwa na rangi za nyumba za watu wengine. Nesi alimgeukia. "Haya, fundi, wewe mwenzetu unaionaje?"

Fundi alitazama kile kipande. "Ndimu, mama. Ndimu iliyokwisha kamuliwa."

Nesi alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akakubali. Wangemletea hata masizi ya chungu angekubali, maana watoto wake wawili walikuwa wameketi kwenye makochi yake, siku moja, saa moja, na hakuna aliyekuwa anaangalia saa. Hivyo ndivyo alivyodhani. Kitindamimba alikuwa anaiangalia ya ukutani, nyuma ya kichwa cha mama yake.

* * *

Jumatano, Nesi alipokwenda sokoni, fundi alimwita Meneja chumba cha nyuma.

"Bosi, kuna tatizo."

Neno bosi lilimwingia Meneja vizuri, akanyoosha tai. "Tatizo gani?"

"Ukuta huu unalia." Fundi aliweka kiganja kwenye ukuta uliopakana na bafu, akakiondoa, akamwonyesha kilivyolowa. Chini, karibu na sakafu, kuvu ilikuwa imepanda kama masharubu. "Bomba la bafuni linavuja humu ndani. Muda mrefu tu. Inabidi tubomoe lipu yote, bomba libadilishwe, ukuta ukae wazi ukauke. Wiki tatu, labda nne. Halafu ndiyo tuongee habari ya rangi."

"Huna dawa ya kuziba?"

"Dawa ipo, lakini ni kama kumpaka poda mtu mwenye jipu. Nikipaka leo, baada ya miezi miwili itabanduka yote."

Meneja alitafakari. Alipotafakari alitoa midomo mbele, kama alivyowaona mabosi wa kweli wakifanya. "Miezi miwili," alisema, "inatosha."

Fundi aliinama akachukua msasa. Alikuwa mtu mzima, alielewa vizuri alichoambiwa, na huko nje nyuma ya ndoo zake alikuwa na kodi ya nyumba na binti aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa ada ya shule. Alikwangua ile kuvu kwa msasa, akaifuta kwa kitambaa, akapaka dawa ya kuziba mara mbili, kisha akaivisha ndimu. Aliifanya kazi ile kwa ustadi mkubwa. Kulikuwa na uhodari hata katika uoga wake, na hilo ndilo la kusikitisha zaidi.

Nesi aliporudi na kikapu, alisimama katikati ya chumba cha nyuma akazunguka taratibu. Jua la alasiri lilipita dirishani na kuta zikang'aa kijani laini, kama jani linalochomoza.

"Fundi," alisema, "nilikuwa mjinga. Hii rangi nzuri bwana."

Fundi aliinamia ndoo yake, akakoroga rangi ambayo haikuhitaji kukorogwa.

* * *

Sasa na tusimtakase Nesi. Mwanamke huyu alikuwa na majivuno yake, na wiki hiyo aliyaanika kama nguo. Aliwapitia majirani mlango kwa mlango. Mwenye duka alialikwa. Mshonaji alialikwa. Hata mama mmoja waliyenuniana tangu mwaka jana kwa ajili ya maji machafu alialikwa, ili aone na aumie.

"Watoto wangu hao," alisema, akipitisha mkono ukutani bila kuugusa. "Sijawaomba. Wamekaa wenyewe, wakazungumza, wakasema, mama yetu amehangaika. Wewe wanao wamekupaka nini?"

Majirani walitazama kuta, wakatazamana, wakasema hongera. Wengine walisema hongera wakiwa wanatazama sakafu. Nesi alidhani ni wivu mahali palipokuwa na huruma, maana wivu ndio aliokuwa ameuendea.

Muuza mkaa ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Walikuwa marafiki wa miaka ishirini, watu wa kuazimana chumvi na kusemana. Ijumaa asubuhi, Nesi alipoanza kwa mara ya tatu kumweleza jinsi rangi ile ilivyoifanya sebule kuwa kubwa, muuza mkaa aliliweka debe chini.

"Shoga, basi. Nakuonea huruma na unanikera. Unahamia wapi?"

"Nahamia?"

"Dalali amepita hapa Jumapili iliyopita na watu wawili. Walisimama pale kwenye nguzo wakaipiga picha nyumba yako. Alitangaza nyumba ya vyumba vinne, iliyopakwa upya, mwenyewe anahama mwezi ujao. Nyumba hata haijapakwa, yeye ameshasema imepakwa upya! Mtaa mzima unajua."

Nesi alisimama na uso wake wa kujivuna, kwa kuwa hakuwa amepata nafasi ya kuvaa mwingine. "Mtaa mzima," alirudia.

"Nilidhani unajua. Halafu nikaona hujui. Halafu nikashindwa jinsi ya kusema."

"Na yule wa maji machafu? Anajua?"

"Yeye ndiye aliyeniambia mimi."

Nesi alirudi nyumbani akipita ukingoni mwa barabara, upande usio na milango. Kuibiwa na wanawe kulikuwa bado hakujamfikia moyoni. Kilichomuunguza njia nzima ni zile hongera.

* * *

Alimpigia kitindamimba kwa sababu kitindamimba hakuwahi kujua kudanganya vizuri.

"Mwanangu, nyumba yangu inauzwa?"

Upande wa pili mashine ya kukaushia nywele ilikuwa inanguruma. Ikazimwa. "Mama, Kaka alisema atakuambia mwenyewe. Anatafuta wakati mzuri."

"Wakati mzuri ni upi? Nikiwa ndani au nikiwa nje?"

"Mama jamani, usiseme hivyo. Utakaa kwa Kaka. Ameshakutengea chumba."

"Kipi? Nyumba ya kaka yako naijua. Ina vyumba viwili, na yeye ana watoto watatu."

"Kile cha uani."

"Stoo."

"Kitapakwa rangi, Mama," alisema kitindamimba, na hakusikia alichosema.

"Na wewe mgao wako ni nini?"

Kitindamimba alianza kulia. Alilia kwa urahisi, kama bomba ambalo mpira wake umekwisha. Alieleza kwa kwikwi kwamba saluni ilitaka mashine mpya, kwamba wateja wanahama, kwamba hata hivyo nyumba ni ya Kaka kwa karatasi.

Hilo la karatasi lilikuwa kweli. Miaka sita nyuma Nesi alipelekwa kufanyiwa upasuaji mkubwa, na kabla ya kuingia chumba cha upasuaji aliiandikisha nyumba kwa jina la mwanawe, ili akifa watoto wasisumbuliwe na ofisi. Ulikuwa mpango mzuri. Kasoro yake ni kwamba hakufa. Alipona, akarudi nyumbani, akasahau kabisa kwamba hati inasema jambo lingine, kwa kuwa ni nani huenda kuangalia karatasi ili ajue anaishi wapi?

Jioni Meneja alifika mwenyewe, mbio mbio, tai imepinda. Hakuomba radhi. Alieleza. Watu wa aina yake hudhani jambo likishaelezwa limeshahalalishwa.

"Mama, nyumba kubwa hii, wewe peke yako. Ni matumizi mabaya ya mali. Kazini kwetu tunaita mzigo uliolala."

"Mimi ndio mzigo?"

"Nyumba, Mama. Nazungumzia nyumba. Mimi sasa ni mtu wa nafasi fulani, siwezi kufika kazini nimelowa jasho kwa kutembea. Lazima niwe na gari. Na wewe utakuwa karibu na wajukuu."

"Ulinichagulia na rangi," alisema Nesi. "Ukaniuliza kama naipenda."

"Si uliipenda?"

Nesi alimtazama mtoto huyu aliyemzaa yeye mwenyewe, katika wodi yake mwenyewe, siku ambayo haikuwa zamu yake. Alijiona mchovu na mzee na mjinga, na aliona aibu kuwa jirani atasikia ugomvi. Kwa hiyo alinyamaza. Meneja akachukua kimya kile akakifanya kibali.

"Wanunuzi wanakuja kesho saa nne. Nakuomba tu, Mama, usiongee sana. Wape maji ya kunywa. Na hilo kabati la zamani tulisogeze, linaharibu ukuta."

Alimwachia mama yake kazi ya kulisogeza kabati.

* * *

Saa nne kasorobo Meneja alikuwa ameshafungua madirisha yote ili harufu ya rangi itoke. Kitindamimba alileta maua ya plastiki. Fundi naye alikuwepo, juu ya ngazi koridoni, akimalizia fremu za milango.

Wanunuzi walikuwa vijana wawili, mume na mke. Mume alikuwa mwalimu wa hesabu, suruali imepigwa pasi mpaka inang'aa magotini. Mke alikuwa karani wa posta, na tumbo lake lilitangulia kuingia. Walikuwa wamevaa vizuri kupita kiasi, kama watu wanaoogopa kwamba nyumba ndiyo itakayowakataa wao. Nesi aliona vile mke alivyoshika mgongo alipokaa, na bila kutaka akahesabu moyoni: wiki thelathini na mbili, thelathini na tatu.

"Huyu ni mama yangu," alisema Meneja. "Anahamia kwangu. Mwenyewe amechoka na nyumba kubwa."

"Tunashukuru, mama," alisema mwalimu. "Tumetafuta mwaka mzima. Hii ni akiba yetu yote na mkopo juu yake."

"Kuta safi kama mnavyoona. Zote, ndani na nje," alisema Meneja, akawatembeza. Aliongea habari za mwanga, hewa, na thamani. Alipiga ukuta wa sebule kwa kiganja, ukuta mzima, mkavu. Nesi alifuata nyuma na trei ya maji, machungwa na kisu. Hakuwa amepanga kusema lolote. Usiku alikuwa ameshafunga nguo zake katika mabegi mawili, na neno alilokuwa amejiandalia kwa ajili ya siku hiyo lilikuwa "karibuni", basi.

Walifika chumba cha nyuma. Jua lilikuwa limekwisha ingia. Mke wa mwalimu alisimama mlangoni na mkono kifuani.

"Hiki," alimwambia mumewe polepole. "Hiki ndicho cha mtoto. Ona rangi yake. Kitanda tukiweke pale ukutani."

Alionyesha ukuta wa bafu.

Juu ya ngazi, fundi aliacha kupaka. Meneja alisema haraka, "Chaguo zuri sana! Tuone na jiko sasa."

Nesi aliiweka trei sakafuni. Ukuta ule aliufahamu. Aliishi nao, kila masika alisogeza kabati na kuifuta ile kuvu kwa siki, na mwaka jana kifua kilimbana miezi miwili kwa kulala humo. Wiki hiyo nzima alikuwa anawaonyesha majirani ukuta huo huo bila kujiuliza kuvu ilikwenda wapi. Furaha ilikuwa imempofusha. Lakini mtoto mchanga kando ya ukuta ule alimwona waziwazi, kama wengi aliowaona wakiletwa wodini usiku, mbavu zikivuta, midomo ya buluu.

"Mwanangu," alimwambia yule mke, "ni mimba yako ya kwanza?"

"Ya tatu, mama." Akainamisha macho. "Ila huyu ndiye aliyefika hapa."

"Lete mkono."

"Mama!" alisema Meneja.

Nesi aliushika mkono wa yule mwanamke akauweka ukutani, chini, karibu na sakafu. Mwanamke aliuondoa haraka, akautazama.

"Baridi. Umelowa."

"Ni rangi bado haijakauka," alisema Meneja. "Rangi hizi za kisasa—"

"Fundi!" Nesi aliita, kwa sauti ya zamani ya wodini, ile iliyowatoa madaktari vitandani. "Teremka uje useme. Rangi hii imekauka lini?"

Fundi alishuka ngazi. Alisimama mlangoni akifuta mikono ambayo haingetakata. Alimtazama aliyemlipa nusu, na ile nusu nyingine aliiona ikiondoka. "Juzi," alisema. "Imekauka juzi. Unaolia ni ukuta. Nilimwambia bosi."

Nesi alitoa kisu cha mezani kwenye trei, akakipitisha ukutani. Rangi ilitoka kipande kirefu, laini, ikaning'inia, na nyuma yake kulikuwa kweusi.

Mwalimu alichuchumaa akatazama kweusi kule kwa muda, kama hesabu iliyokataa. Kisha alinyanyuka, akamshika mkewe bega.

"Mama, asante," alisema. Kwa Meneja hakusema neno. Walipopita sebuleni mke alisimama, akarudi hatua mbili, akamshika Nesi mikono yote miwili, wakaondoka.

* * *

Meneja alisubiri mpaka geti lilipofungwa. Halafu akapiga kelele, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilifanana na cheo chake.

"Umenivunjia biashara! Mbele ya watu! Unajua ningepata nini? Hii nyumba ni yangu! Ina jina langu!"

"Ndiyo," alisema Nesi. "Na jina lenyewe nilikupa mimi. Siku hizi hulitumii."

Nje, kwenye uzio, muuza mkaa alikuwa amesimama na debe lake. Yule mama wa maji machafu alikuwa kando yake, na mwenye duka, na mshonaji. Safari hii hakuna aliyetazama chini. Meneja aliwaona. Alinyoosha tai, akaondoka kwa miguu katika jua la saa tano, jasho likimlowesha shati. Kitindamimba alichukua maua yake ya plastiki akamfuata.

Dalali alileta wanunuzi wengine mara mbili. Mara zote mbili walipofika kwenye nguzo kuuliza njia, watu wanne tofauti waliwaelekeza moja kwa moja chumba cha nyuma. Mara ya tatu dalali hakuja. Nesi alibomoa lipu kwa pensheni yake, fundi akarudi kuifanya kazi kwa bei ya aibu, ya aibu yake mwenyewe, na bomba likabadilishwa. Ukuta ukakaa wazi, matofali nje, wiki ya tatu sasa.

Wiki hiyo ya tatu kitindamimba alikuja peke yake. Hakuwa na uhakika akae au asimame, akasimama.

"Mama, Kaka amenituma."

"Amekutuma nini?"

"Amesema... amesema ameliangalia jambo hili kwa utulivu. Amesema yuko tayari kukusamehe."

Nesi alimtazama bintiye ili aone kama anatania. Hakuwa anatania. Basi alicheka, kwanza kidogo, halafu kwa nguvu, akajishikilia meza, machozi yakamtoka, mpaka kitindamimba naye akatabasamu bila kujua kwa nini, kisha akaona haya, akaacha.

"Mwambie nimesikia," Nesi alisema alipopata pumzi. "Mwambie msamaha wake asiutume kwa mtu. Aulete mwenyewe, kwa mkono wake. Na uje pamoja na hati, twende ofisini akaliondoe jina lake."

Kitindamimba alipeleka ujumbe neno kwa neno. Mpaka leo haujaja msamaha wala haijaja hati, lakini ghalani, wenzake wanasema, Meneja huwaeleza watu wakati wa chakula cha mchana jinsi alivyomwachia mama yake nyumba.